Kuta Nne Tupu: Maabara ya Giessen na Aliyeilipia



Shule ya kwanza niliyopangiwa kufundisha kemia ilikuwa na maabara. Nilijua ni maabara kwa sababu mlangoni paliandikwa hivyo kwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na meza mbili ndefu za saruji, mabomba yasiyotoa maji, na kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake aliondoka nao mwalimu aliyehamishwa miaka miwili kabla yangu. Tulipolivunja tulikuta mizani moja nzuri sana, ingali ndani ya boksi lake, pamba zake zote zipo. Mtu fulani alitoa fedha nyingi kuinunua. Hakuna aliyekumbuka kununua hata gramu moja ya kitu cha kupima.

Ninaanza na mizani hiyo kwa sababu leo sitazungumzia ugunduzi, nitazungumzia bei. Tukisimulia historia ya kemia tunawataja waliogundua na walichogundua, lakini aliyenunua mkaa hatumtaji. Basi naomba tufungue daftari la matumizi la maabara moja ya zamani, ambayo walimu wote wa kemia duniani ni wajukuu wake, wajue wasijue. Ipo Giessen, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Lahn, kaskazini ya Frankfurt.

Mwaka 1824 Giessen ilikuwa chini ya Mtawala Mkuu wa Hesse, Ludwig I. Chuo kikuu chake kilikuwa kidogo, kazi yake kutoa wanasheria, wachungaji, matabibu na maofisa wa serikali. Mwaka huo akaletwa hapo kijana wa miaka 21, Justus Liebig, awe profesa wa kemia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa rangi na dawa mjini Darmstadt, kwa hiyo Justus alikulia katikati ya vyungu na harufu kali. Mtawala alikuwa amemlipia masomo Paris, ambako alibahatika kufanya kazi ndani ya maabara binafsi ya mwanakemia Gay-Lussac. Kisha Alexander von Humboldt, mwanasayansi aliyesikilizwa na wafalme, akampigia debe. Uteuzi ukatoka ikulu, na maprofesa wa Giessen hawakuulizwa. Wenye uzoefu wa vyuo vikuu mnaweza kukisia alivyopokewa.

Mshahara wake wa kuanzia, kwa sarafu ya huko, ulikuwa gulden 300 kwa mwaka. Jengo alilopewa lilikuwa nyumba ya walinzi wa kambi ya askari iliyokuwa haitumiki tena. Kambi yenyewe ilikuwa na umri mdogo, haijatimiza hata miaka 10, kwa hiyo kuta zilikuwa imara. Mbele palikuwa na baraza yenye nguzo, mahali walinzi walipokuwa wakisimama mvua inaponyesha. Na hapo ndipo orodha ya alivyopewa inapokwisha.

Liebig alitaka kitu ambacho Paris hakikuwepo. Pale kwa Gay-Lussac mwanafunzi mmoja, labda wawili, waliweza kushika vyombo kwa mikono yao, tena kwa hisani ya mwenye nyumba. Wengine wote waliketi ukumbini wakatazama. Yeye alitaka chumba kizima cha vijana, kila mmoja na kazi yake mezani, siku nzima, wiki nzima. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Stromeyer kule Göttingen na Thomson kule Glasgow walikwisha kuwaruhusu wanafunzi kufanya majaribio. Lakini aliyeligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa kudumu, wenye ratiba na ada, ni huyu.

Pamoja na wenzake wawili akaomba chuo kianzishe taasisi ya kuwafundisha wafamasia na watu wa viwanda. Seneti ikakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi ya chuo kikuu ni kuwaandaa watumishi wa serikali, si kufundisha wauza dawa, wachemsha sabuni, wapika pombe na watia rangi. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na kila mara nacheka, maana bado naisikia ikitolewa, ila siku hizi imevaa suti. Serikali ikapata njia ya katikati: aifungue kama taasisi yake binafsi. Maana yake ni kwamba ada ya wanafunzi ndiyo ingeiendesha, na hasara ikitokea ni ya mwenyewe.

Sasa tuingie ndani. Katikati ya chumba kuna jiko kubwa la mkaa. Msitafute kichomeo cha gesi, kwa kuwa kile tunachokiita cha Bunsen kilitengenezwa Heidelberg mwaka 1855, miaka zaidi ya 30 baadaye. Mnataka moto mkali, mkaa. Mnataka moto mdogo, taa ya spiriti. Hakuna pia kabati la kuvutia moshi. Moshi ukizidi, milango na madirisha vinafunguliwa, hata kama nje ni theluji, na kazi yenye sumu au harufu ya kuua inahamishiwa barazani kwa wale walinzi. Ninyi mnaopika kwa mkaa mnajua jambo moja ambalo wanahistoria hulisahau: mkaa haununuliwi mara moja. Gunia linakwisha, unatafuta jingine.

Vifaa vya maabara viko vya aina mbili. Kuna vinavyokaa na kuna vinavyoliwa. Mizani inakaa. Kibakuli cha platini kinakaa, ukikitunza. Zebaki inakaa kidogo, kisha inamwagika na kuingia kwenye nyufa za sakafu. Lakini asidi, spiriti, karatasi za kuchujia, mirija ya kioo, mkaa na kemikali zenyewe vinaliwa kila siku, tena vinaliwa zaidi kadiri wanafunzi wanavyojifunza vizuri. Mwanafunzi mvivu ni rahisi kumtunza. Mwenye bidii anakumaliza.

Mwaka 1833, miaka tisa baada ya kuteuliwa, Liebig akiwa Baden kuuguza afya alimwandikia barua ya hasira Linde, chansela aliyesimamia chuo. Alisema kwamba badala ya maabara alipewa kuta nne tupu, na hakuna aliyefikiria fungu la kuziwekea vyombo. Kila mwaka alikuwa akitoa mfukoni mwake kati ya gulden 300 na 400 kununua vyombo na kemikali. Mhudumu mmoja alilipwa na serikali, lakini alihitaji pia msaidizi wa kufundishia, na huyo alimgharimu gulden 320. Ukiondoa mafungu hayo mawili, alisema, kilichobaki hakitoshi kuwavisha watoto wake.

Tuweke tarakimu hizo bega kwa bega. Mshahara wa profesa alipoanza ulikuwa 300. Msaidizi ni 320. Vinavyoliwa ni 300 hadi 400. Mshahara wenyewe ulikuwa umepanda kufikia wakati wa barua, ndiyo maana familia haikulala njaa, lakini sura ya daftari iko wazi. Jengo lililoonekana kuwa zawadi kubwa ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote, kwa kuwa lilikuwepo tayari. Gharama halisi ni mtu na ni gunia la mkaa, na zote mbili zinarudi kila Januari.

Mmoja wenu ataniuliza: kama hali ilikuwa hivyo, maabara ile iliwezaje kujaa wanafunzi? Jibu moja limo katika kijidude cha kioo ambacho mngeweza kukiweka kiganjani.

Tatizo la kemia ya wakati ule lilikuwa kujua kiasi cha kaboni na haidrojeni ndani ya vitu vilivyotokana na mimea na wanyama: sukari, mafuta, asidi za matunda, dawa. Njia ni kuichoma sampuli pamoja na oksidi ya shaba. Kaboni yote inageuka hewa ya ukaa, haidrojeni yote inageuka maji. Maji ni rahisi kuyanasa, yanapitishwa kwenye mrija wenye kloridi ya kalsiamu kisha unapima uzito ulioongezeka. Shida ni hewa ya ukaa. Mabingwa wa Paris waliikusanya juu ya zebaki na kupima ujazo wake. Na zebaki, mabibi na mabwana, lita yake moja ina uzito wa zaidi ya kilo 13. Hebu fikirini beseni lake, na fikirini bei yake. Kisha, kwa kuwa ujazo wa gesi unaoweza kuukusanya ni mdogo, sampuli nayo lazima iwe ndogo, na sampuli ikiwa ndogo kosa la nywele moja linaharibu hesabu nzima. Kwa hiyo ulihitaji zebaki nyingi, mizani ya hali ya juu kabisa, na mikono ya bingwa. Kazi hiyo isingeweza kupewa vijana ishirini kwa mpigo.

Mwaka 1831 Liebig alichapisha maelezo ya chombo chake. Ni mrija wa kioo uliokunjwa umbo la pembetatu, ukavimbishwa tufe tano, ndani ukatiwa maji ya potasi kali. Hewa ya ukaa ikipita kwenye tufe hizo inanaswa na potasi. Unakipima chombo kabla, unakipima baada, tofauti ni hewa ya ukaa. Basi. Hakuna zebaki, hakuna kupima ujazo, hakuna kusahihisha joto wala kanieneo. Na kwa kuwa sasa unapima uzito, unaweza kuchoma sampuli kubwa zaidi, na sampuli ikiwa kubwa hata mizani ya kawaida ya maabara inatosha.

Lakini uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba mwanafunzi aliyefundishwa kupuliza kioo kwenye mwali wa taa aliweza kujitengenezea mwenyewe. Kikivunjika, anapuliza kingine. Kazi iliyokuwa ya mabingwa watatu au wanne wa Ulaya ikawa zoezi la darasani. Wamarekani wa Chama cha Kemia wanacho chombo hicho kwenye nembo yao hadi leo, na ninaamini wengi wanaoivaa kifuani hawajui kuwa wamevaa mbinu ya kubana matumizi.

Hapa niruhusuni nivuke bahari kidogo, kwa sababu neno "kujitengenezea" linaweza kudanganya. Kupuliza kioo kunataka mtu wa kukufundisha, na kunataka kioo cha kufaa. Pasipo na hivyo, mambo huwa kama yaliyompata Benjamin Silliman wa chuo cha Yale, Marekani.

Silliman alikuwa mwanasheria kijana ambaye rais wa chuo, Timothy Dwight, alimwomba awe profesa wa kemia, somo ambalo hakulijua. Aliteuliwa mwaka 1802, akaenda Philadelphia kujifunza kwanza. Wakati huo chuo kilikuwa kinajenga, na mchora ramani alikuwa amesikia kwamba wanakemia ni watu wa matanuri na moshi. Akampangia maabara chini ya ardhi, kina cha futi kama 15, kama pango la waganga. Silliman aliporudi ilibidi aombe sehemu ivunjwe ndipo mwanga uingie, na hata hivyo alifanya kazi katika shimo hilo kwa miaka 15. Maabara ikapanguliwa kabla haijaanza kutumika, na hiyo nayo ni gharama.

Kisha vyombo. Alihitaji ritoti, zile chupa za kutonesha zenye shingo ndefu iliyopinda. Kiwanda cha kioo kilichokuwa karibu, East Hartford, hakijawahi kuziona. Silliman akapeleka moja iwe mfano, lakini ilikuwa imevunjika shingo. Alidhani mafundi wataelewa. Baada ya muda zikaja ritoti mpya kabisa, na zote, kila moja, shingo imekatwa pale pale ilipovunjika ile ya mfano. Mafundi walikuwa waaminifu mno! Mwalimu yeyote aliyewahi kuagiza vifaa kwa kupitia mzabuni wa tatu hatamcheka sana Silliman.

Mwishowe Yale ilimtuma Ulaya mwaka 1805 na karibu dola 10,000 za kununulia vitabu na vifaa vya sayansi. Wazo la safari lilikuwa lake mwenyewe: mtu mwingine angelipwa kamisheni ya asilimia 5 kwa ununuzi huo, basi kwa nini asilipwe profesa, apate nauli na elimu kwa pamoja? Ndivyo ilivyokuwa. Faida haikuhesabika tu kwa vyombo vilivyorudi melini, bali kwa mwalimu aliyerudi navyo akiwa amevishika na kuona vinavyotumika London na Edinburgh.

Turudi Giessen. Barua ya 1833 ilifanya kazi. Kufikia 1835 jengo lilikuwa limepanuliwa na serikali imeanza kubeba sehemu ya mzigo uliokuwa mfukoni mwa profesa. Mwaka 1839 likapanuliwa tena, safari hii kwa ukumbi wa mihadhara na maabara nyingine ya uchambuzi. Msanifu wa upanuzi huo aliitwa Hofmann. Mtoto wake wa kiume, August Wilhelm, alikuwa anasoma sheria, akavutwa na kilichokuwa kikifanyika ndani ya majengo ya baba yake, akahamia kemia. Baadaye, mwaka 1845, ndiye aliyekwenda London kuongoza Royal College of Chemistry, chuo kilichoanzishwa kwa michango ya watu binafsi. Na mwaka 1856 mwanafunzi wake wa miaka 18, William Perkin, akijaribu kutengeneza kwinini, ile dawa ya malaria tunayoikumbuka kwa uchungu wake, alikosa kwinini akapata rangi ya zambarau. Kutoka kwenye rangi hiyo kikazaliwa kiwanda cha rangi za kutengenezwa. Watia rangi, ambao Seneti ya Giessen ilisema si kazi ya chuo kikuu kuwafundisha, walikuwa wamelipa deni pamoja na riba.

Sisemi kwamba gulden 320 za msaidizi ndizo zilizoleta rangi ya Perkin. Historia haina mstari ulionyooka namna hiyo, na mimi sipendi wahadhiri wanaoonyesha kwamba unao. Nasema tu kwamba bila msaidizi huyo Liebig angefundisha vijana wanne badala ya chumba kizima, na mtoto wa Hofmann huenda angekuwa hakimu.

Kuna mchoro maarufu wa maabara ile, uliofanywa na Wilhelm Trautschold na kuchapishwa mwaka 1842. Wanafunzi wako mezani na kofia zao vichwani, chupa zimepangwa ukutani, mmoja wao ni Vicente Ortigosa aliyetoka Mexico. Liebig mwenyewe hayumo. Lakini yumo Aubel, mhudumu wa maabara. Mchoraji aliyekuja kuonyesha ulimwengu maabara bora ya zama zake aliona picha haikamiliki bila mhudumu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata nchini Tanzania iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Muda wa kwanza ulikuwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wengi wenu hapa mlichangia. Nilichangia na mimi, na sijutii, maana kabla ya hapo palikuwa na watoto waliomaliza kidato cha nne wakiijua titresheni kwa kuikariri ubaoni. Kuta zilipanda upesi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini sote tumewahi kupita kando ya boma la maabara lenye dirisha lisilo na kioo na mbuzi wamelala ndani, na hata yaliyoezekwa yakapakwa rangi, mengine yana hali ya barua ya 1833. Tuliandikiana orodha za saruji, nondo na mabati. Orodha ya vinavyoliwa haikuandikwa, wala ya mtu wa kuvisimamia.

Kinachofuata hakifichiki kwa mwalimu. Mtihani wa vitendo ukikaribia, mwalimu wa kemia anaingia mfukoni, ananunua asidi kidogo dukani, anaazima bureti shule ya jirani, anaosha mwenyewe mirija usiku. Liebig alikuwa na chansela wa kumwandikia. Mwalimu wa kata anamwandikia nani?

Nimepewa dakika chache za mwisho na sitazitumia kuwaambia mpende sayansi. Nina ombi dogo kwa wakuu wa shule na wajumbe wa bodi walioko hapa. Mtakaporudi, kabla ya kuagiza chombo chochote kipya, fungueni bajeti ya mwaka ujao mtafute mistari miwili: fungu la kemikali zinazokwisha, na jina la mtu anayelipwa kuosha vyombo, kupanga chupa na kutunza ufunguo wa kabati. Kama mstari mmoja haupo, msinunue mizani. Ile ya shule yangu ya kwanza iko kabatini hadi leo.